«Au revoir les enfants»: ushujaa wa kimya na mtumishi wa jikoni

Sinema ya Louis Malle inayoitwa «Au revoir les enfants» inajulikana katika nyumba nyingi za masomo ya Wakristu. Kwa kawaida inaonyeshwa kwa kusudi moja, ni kusema kumsifu padri aliyewaficha watoto Wayahudi wakati wa vita, akafa kwa sababu ya tendo hilo. Ni kusudi jema, nasi hatutaki kulikataa. Lakini tulipoitazama mara ya pili tuliona kwamba sinema yenyewe inasema zaidi ya hayo. Inasema jambo moja ambalo sisi wapadri, waseminari na wakatekista hatupendi sana kulisikia. Ndiyo sababu tunataka kuipima hapa, pamoja nanyi, ndugu wasomaji.

Kwanza tuikumbuke habari ya kweli. Kule Avon, karibu na Fontainebleau, upande wa kusini wa Paris, kulikuwa na masomo ya watoto yaliyoongozwa na Wakarmeli. Mkubwa wake alikuwa Padri Jacques wa Yezu. Jina lake la jamaa ni Lucien Bunel. Alizaliwa mwaka wa 1900 katika jamaa ya wafanyakazi maskini wa Normandie. Alipewa upadri mwaka wa 1925, akaingia Karmeli mwaka wa 1931, na mwaka wa 1934 akayafungua masomo yale. Wajerumani walipoishinda Ufaransa mwaka wa 1940, sheria za uonevu zilitolewa juu ya Wayahudi. Tangu mwezi wa Juni 1942, katika upande wa Ufaransa ulioshikwa na Wajerumani, walilazimishwa kuvaa nyota ya manjano juu ya nguo zao. Mbele ya mwisho wa vita, Wayahudi karibu 76,000 walikuwa wameondolewa Ufaransa na kupelekwa katika kambi za mauti. Waliorudi ni wachache mno.

Padri Jacques aliwapokea watoto Wayahudi watatu, akawapa majina mengine, akawaweka darasani katikati ya wenzao. Alimpokea vilevile mwalimu mmoja Myahudi, Lucien Weil, akampa kazi ya kufundisha. Tarehe 15 Januari 1944 Gestapo, yaani polisi ya siri ya Wajerumani, ilifika. Watoto watatu na mwalimu yule walipelekwa Auschwitz, wakauawa mwezi wa Februari. Padri Jacques alipitishwa toka kifungo mpaka kifungo, hata kambi ya Mauthausen na ya Gusen. Huko aliwagawia wenzake mkate wake na kuwaungamisha kwa siri. Askari wa Marekani walipoifungua kambi mwanzo wa mwezi wa Mei 1945, nguvu zake zilikuwa zimekwisha. Alikufa Linz, katika Austria, tarehe 2 Juni 1945. Mwaka wa 1985 Waisraeli walimhesabu kati ya wale wanaowaita Wenye Haki wa Mataifa.

Louis Malle alikuwa mwanafunzi pale, mtoto wa miaka 11. Aliwaona kwa macho yake padri na watoto wakiondolewa. Alitengeneza sinema nyingi mbele ya kusubutu kuitengeneza hii. Ilitoka mwaka wa 1987, ikapata Simba wa Zahabu huko Venezia mwaka uleule. Majina aliyabadili: Padri Jacques anaitwa Père Jean, mwanafunzi anayetusimulia habari anaitwa Julien Quentin, na rafiki yake Myahudi anaitwa Jean Bonnet. Alichanganya kumbukumbu zake na mambo aliyoyatunga, wala hakuficha hayo. Basi tusiipokee kama kitabu cha historia. Ni hadisi iliyozaliwa na jambo la kweli, na tunapaswa kuipima kama hadisi.

Mtu anayetazamia mapigano hatayapata katika sinema hii. Hakuna padri anayebeba bunduki, wala mwanafunzi anayelipua daraja. Kuna darasa lenye baridi, chakula kidogo, sala ya asubuhi, watoto wanaogombana uwanjani. Ushujaa umefichama ndani ya mambo hayo madogo. Kitanda kimoja zaidi chumbani mwa kulala, jina la uongo katika daftari, sahani moja zaidi mezani wakati chakula chote kinapimwa kwa karatasi ya serikali. Milisi wanapokuja kuchunguza, mtoto anaondolewa haraka darasani, na somo linaendelea. Hakuna anayetoa hotuba. Malle ameona vema kwamba mtu wa siku zote hapingi uovu kwa kelele. Anaupinga kwa kufanya kazi yake ya kila siku kama kawaida, hali anajua kwamba kazi hiyo inaweza kumwua.

Kuna mahali pamoja ambapo kila padri atapakumbuka. Wakati wa Misa, Jean Bonnet anapiga magoti pamoja na wengine ili apokee Komunyo. Père Jean anafika mbele yake akiwa na Ostya mkononi, anamtambua, anasita, kisha anampita na kumpa mwenzake wa pembeni. Hakuna neno linalosemwa. Hapo tunamwona padri anayelinda vitu viwili pamoja: heshima ya Sakramenti na heshima ya mtoto. Hakumficha yule mtoto ili ampate. Hakutumia hofu yake kumfanya Mkristu. Mtoto anaendelea kusali usiku kwa namna ya baba zake, na mishumaa miwili imewashwa. Katekista anayefundisha juu ya uhuru wa imani anaweza kuanza na picha hiyo, nayo itamsaidia kuliko maneno mengi.

Tena Malle hakuwagawa watu, wema huku na wabaya kule. Watoto wawili wanapopotea msituni, askari Wajerumani ndio wanaowarudisha nyumbani, na mmoja wao anajisifu kwamba watu wa kwao ni Wakatoliki. Katika hoteli ya kulia chakula, Wafaransa wa milisi ndio wanaomsumbua mzee Myahudi anayekula kwa utulivu, na ofisa Mjerumani ndiye anayewafukuza, labda kwa huruma, labda kwa kutaka kusifiwa na mama mzuri aliyekaa meza ya karibu. Mambo hayo yanatutayarisha kusikia jambo gumu zaidi, na jambo hilo linatoka jikoni.

Jikoni kuna kijana anayeitwa Joseph. Anachechemea, hana jamaa ya kumtegemea, na wanafunzi wanamcheka. Lakini wanafunzi haohao wanafanya naye biashara ya siri. Watoto wa matajiri wanaletewa konfitiri na sukari toka kwao, nao wanampa Joseph. Yeye anawapa tembre na sigara. Siku moja mpishi anamshitaki kwamba ameiba chakula cha nyumba. Kabati lake linafunguliwa, na vitu vya wanafunzi vinaonekana humo. Père Jean anawaita wanafunzi saba, anawakaripia sana, anawaazibu wasiende kwao mpaka Pasaka. Kuwafukuza hataki, maana angewaumiza wazazi wao. Joseph yeye anafukuzwa siku ileile. Analia, anauliza atakwenda wapi, maana hana hata mahali pa kulala. Na tazameni jambo hili: Père Jean mwenyewe anakiri mbele ya watoto kwamba kumfukuza Joseph ni jambo lisilo la haki. Anajua, na bado anafanya.

Siku chache kisha, Gestapo wanaingia. Wajerumani wameambiwa kila kitu, na aliyewaambia ni Joseph. Julien anamkuta uani katikati yao, amevaa nguo mpya, na Joseph anajitetea kwamba mambo yote yalianza kwa sababu ya biashara aliyoifanya pamoja nao.

Hapo, kwa maoni yetu, ndipo kiini cha sinema. Nyumba ile ilikuwa na ushujaa wa kutosha kuwaficha watoto watatu mbele ya jeshi lenye nguvu. Haikuwa na haki ya kutosha kumtunza kijana mmoja wa jikoni. Na mahali ilipokosa haki, hapo ndipo ilipovunjika. Adui hakupasua ukuta, alipita katika mlango uliofungwa nyuma ya maskini aliyefukuzwa.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba Joseph hana kosa. Watu wengi walioonewa kuliko yeye hawakumchongea mtu, na damu ya watoto watatu haipimwi kwa mzani mmoja na kazi iliyopotea. Uovu wa Joseph ni wake. Lakini Père Jean yuleyule, siku wazazi walipokuja kuwatembelea watoto wao, alihubiri kwa ukali juu ya matajiri, hata mtu mmoja akaondoka kanisani kwa hasira. Alikuwa na neno la kweli kwa matajiri waliokaa mbele ya altare. Siku ya Joseph neno lilelile lilimshinda, kwa sababu wazazi wa wanafunzi ndio waliolipa karo, naye Joseph hakuwa na mzazi wa kumwogopa. Malle hamdharaulishi padri kwa kuonyesha hivyo. Anamfanya mtu wa kweli, anayeweza kutoa uhai wake kwa ajili ya mgeni na kukosa haki kwa mtumishi wake katika juma lilelile. Je, sisi hatumjui mtu wa namna hiyo?

Waliosoma habari za Malle watakumbuka kwamba mwaka wa 1974 alitoa sinema nyingine, «Lacombe Lucien». Humo kijana wa shamba anataka kuingia katika kundi la wanaowapinga Wajerumani. Wanamkataa, na muda si mrefu anajikuta akiwatumikia polisi wa adui. Joseph na Lucien ni ndugu. Malle alilirudilia jambo hili mara mbili: anayekataliwa na wema huokotwa na waovu, nao humpa mara moja alichokitamani, ni kusema nguo, feza, na watu wa kumwogopa.

Yako makosa mengine mawili ambayo sinema inayaonyesha kwa upole. Mtu wa Gestapo anapoingia darasani kumtafuta Myahudi, Julien anageuza kichwa kidogo na kumtazama rafiki yake. Ni kutazama kwa nukta moja tu, lakini yule mtu ameona. Kisha, katika chumba cha wagonjwa, masere mmoja, kwa hofu, anawaonyesha askari mahali mtoto wa pili alipofichwa. Mmoja alifanya kwa kumpenda rafiki yake na kumwogopea. Mwingine alifanya kwa kujiogopea mwenyewe. Malle hawahukumu. Lakini mwisho wa sinema tunasikia sauti yake mwenyewe, sauti ya mtu mzima, ikisema kwamba hakuisahau asubuhi ile. Tunaelewa kwamba amebeba kule kutazama maisha yake yote. Wanaohubiri juu ya toba wangefanya vema kumsikiliza.

Sasa tuseme yale tusiyoyasifu. La kwanza, sinema inamwonyesha Père Jean kwa mbali sana. Tunamwona akihubiri, akikaripia, akiondoka na askari; lakini hatuoni namna alivyoufikia uamuzi wake, wala alivyosali usiku baada ya kuwapokea watoto wale. Tunajua kwamba msimulizi ni mtoto, na mtoto hawezi kuona hayo yote. Hata hivyo mtazamaji anaweza kuzani kwamba ushujaa unaanguka toka mbinguni siku ya hatari, kumbe Padri Jacques wa kweli alijitayarisha miaka mingi katika umaskini, katika kazi na katika sala ya Karmeli.

La pili ni zito zaidi. Katika hadisi hii mtoto wa tajiri analia, na maskini ndiye anayechongea. Malle alitoka katika jamaa ya matajiri wa sukari. Je, ni haki kumtwika maskini zambi ile, hali mtu Joseph ametungwa kwa sehemu na Malle mwenyewe? Tulijiuliza sana swali hilo. Jibu letu ni kwamba Malle amejitetea kwa namna moja tu: mzizi wa zambi ameuweka wazi mikononi mwa watoto wa matajiri, na yeye mwenyewe kati yao. Lakini anayeionyesha sinema hii lazima awaambie watazamaji jambo hilo. Bila hivyo watarudi kwao na fundisho baya, kwamba mtumishi si mtu wa kuaminiwa.

La tatu, wako watu wa nyumba ile wasioonekana kabisa. Siri ya namna hiyo hailindwi na mtu mmoja. Kuna anayepika, kuna anayefua mashuka, kuna anayefungua lango usiku. Wengine walijua, wengine walihisi, na kwa miezi mingi walifunga midomo yao. Sinema inatupa jina la mmoja aliyesema. Wale walionyamaza hatuwajui. Lakini ndio wengi, na bila wao padri hangeweza kumficha mtoto hata kwa juma moja. Akufaaye kwa ziki ndiye rafiki, husema wazee. Tuongeze kwamba mara nyingi rafiki huyo yuko jikoni, wala hatumwulizi jina.

Kwa nini tunasema hayo kwa wasomaji wa nchi zetu? Kwa sababu kisa cha nyumba ya masomo iliyovamiwa na wenye silaha si kisa cha Ulaya peke yake. Jirani yetu Burundi, katika diosezi ya Bururi, iko seminari ndogo ya Buta. Vita vilikuwa vimeanza katika nchi ile mwaka wa 1993. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 watu wenye silaha waliingia katika nyumba ya kulala, wakawaamuru waseminari wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Vijana walikataa. Waliuawa pamoja, waseminari 40.

Tuweke Avon na Buta mbele yetu pamoja. Avon adui aliuliza nani ni Myahudi, na jicho la mtoto likamjibu bila kutaka. Buta adui aliuliza nani ni wa kabila gani, na hakuna aliyemjibu. Hatusemi hivyo ili tumhukumu mtoto wa miaka 11. Tunauliza tu: wale wa Buta walipata wapi nguvu ya kutojitenga? Mkubwa wao, Padri Zacharie Bukuru, amesimulia habari zao katika kitabu. Tangu vita vilipoanza, nyumba ile ilijizoeza kuongea wazi juu ya mambo yaliyowagawa watu nje, kusali pamoja, kucheza pamoja, kuishi kama ndugu. Kwa hiyo saa ya kuulizwa ilipofika, jibu lilikuwa limekwisha kutayarishwa muda mrefu. Ushujaa wao wa dakika moja ulikuwa tunda la siku nyingi zisizo na sifa.

Nasi katika Kongo tumejua mambo hayo. Katika vita vilivyoanza Kivu mwaka wa 1996, na katika vile vilivyofuata, watu wengi walikimbilia parokia, masomo na nyumba za masere. Mara nyingi tunawakumbuka wapadri na masere waliowafungulia mlango, na ni haki. Tuwakumbuke pia mlinzi aliyesema «hakuna mtu humu», mama aliyepika sufuria kubwa bila kuulizwa ni ya nani, kijana aliyechota maji usiku. Hao hawakuwa na nadhiri wala cheo, wala hakuna picha yao ukutani. Wangeweza kusema neno moja tu na kupata feza. Walinyamaza.

Basi swali ambalo sinema inatuachia si hili: je, siku ya hatari nitakuwa kama Père Jean? Swali hilo linapendeza, maana linatupeleka katika siku ambayo labda haitafika. Swali lake la kweli ni la leo: nani ni Joseph katika nyumba yetu? Analipwa mshahara wake kwa wakati? Wanafunzi wanamwita kwa jina lake, ao kwa kilema chake? Kosa likifanywa na wawili, mtoto wa mtu mkubwa na mtoto asiye na mtu, azabu inakuwa moja? Mkubwa wa nyumba anayejibu maswali hayo wakati wa amani anajenga ukuta ambao adui hataupita kwa urahisi wakati wa vita. Na hata vita visipokuja, atakuwa ametenda haki, nayo yatosha.

Hukumu yetu juu ya sinema hii ni kwamba ni nzuri na ya kweli, na inafaa kwa wanafunzi wa kuanzia miaka 12. Yamo maneno machache machafu ya vijana na kitabu kimoja wanachokisoma usiku kwa kujificha; mwalimu mwenye busara hatasumbuliwa na hayo. Lakini isionyeshwe bila maongezi kisha. Tena tungetaka jambo moja: siku inapoonyeshwa katika seminari, wapishi, walinzi na wafuaji waalikwe pia, wakae katika viti sawa na vya wanafunzi, si kusimama nyuma karibu na mlango. Katika sinema yenyewe kuna jioni moja ambapo masomo yote yanatazama sinema ya Charlie Chaplin, na wakubwa kwa wadogo wanacheka pamoja. Ni saa ya furaha kuliko zote katika nyumba ile. Kama kucheka kule kungaliendelea mpaka asubuhi yake, na mpaka jikoni, labda habari ingalikwisha kwa namna nyingine.